Utaratibu wa Kanisa na Uongozi wa Roho: Niliyojifunza Nachingwea na Ruangwa



Nimeombwa niseme juu ya utaratibu wa Kanisa na uongozi wa Roho Mtakatifu. Ningeweza kuwasomea niliyoyaandika nikiwa mwanafunzi kule Makumira, na pengine mngenisifu. Lakini jubilei ni wakati wa shukrani, na ni wakati wa toba pia. Kwa hiyo nitasema niliyojifunza baada ya kukosea.

Usharika huu ulinibatiza, ukanipa kipaimara, kisha ukaniombea niende. Nikiwa mchungaji kijana nilipelekwa kutumika Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi. Sisi Walutheri tulikuwa wachache, wengi wetu walimu, wauguzi na watumishi wa serikali waliohamishiwa huko. Ibada tuliifanyia darasani. Katika mkoba wangu nilikuwa na Biblia, kitabu cha nyimbo, na daftari la maazimio ya Baraza la Wazee la nyumbani. Daftari hilo nililishika kana kwamba nalo lilishuka Sinai.

Azimio mojawapo lilisema kwamba mzazi atakayeruhusu mtoto wake aingie katika mila za jadi afutwe katika orodha ya wanafunzi wa ubatizo. Palikuwa na mama mmoja Mmwera, mjane, mwanafunzi hodari kuliko wote. Msimu wa unyago ulipofika, binti yake aliingia. Nilipopata habari nilichukua kalamu nikalifuta jina la mama yule. Sikumwita wala sikumwuliza neno.

Hakulalamika. Jumapili iliyofuata alikuja, akatandika mkeka nje, chini ya mkorosho, akasikiliza mahubiri kupitia dirishani. Akafanya hivyo miezi mingi. Hatimaye mwinjilisti wetu, mzee wa huko huko, aliniambia kwa upole, “Baba Mchungaji, umekwisha kumwuliza alichokifanya kule?” Nikakiri kwamba sikumwuliza. Ndipo nikaelezwa kwamba mama yule alikwenda na binti yake, akakaa naye, akaomba naye, akawakatalia makungwi yale yasiyompasa mtoto, na msimu ulipokwisha akamrudisha shuleni. Alikuwa amefanya kazi ya mchungaji mahali ambapo mchungaji mwenyewe hakuthubutu kufika.

Wapendwa, wenyeji wa Nachingwea wanakumbuka mradi mkubwa wa karanga ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947. Zililetwa mashine nyingi, ikajengwa reli. Mwaka 1951 serikali ya Uingereza iliukomesha mradi ule, na hasara ilikuwa kubwa. Sababu zilikuwa kadhaa, lakini mojawapo ni hii: waliopanga walipanga wakiwa mbali, bila kuujua vema udongo wala mvua za mahali. Nami nilikuja na mradi wangu wa karanga. Mbegu ya Injili ilikuwa njema. Aliyekosea ni mpandaji, kwa sababu hakuuliza.

Tena nilikuwa na mfano jirani, nami sikuutazama. Ndugu zetu Waanglikana wa Dayosisi ya Masasi walilikabili swali hilo mapema. Askofu Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa dayosisi ile tangu mwaka 1926, hakutaka vijana Wakristo wachague kati ya Kanisa na jando. Pamoja na walimu na mapadre wa Kiafrika alisimamia jando la Kikristo: yaliyopingana na imani yakaondolewa, mafunzo ya adabu yakabaki, na sala zikaingia kambini. Walikuwako waliompinga, nao walikuwa na hoja. Sisemi kwamba alipatia kila jambo. Nasema kwamba alitazama na kuuliza kabla ya kuamua.

Ndivyo walivyofanya mitume kule Yerusalemu, katika Matendo ya Mitume sura ya 15. Swali lao lilikuwa juu ya tohara. Walimsikiliza Petro akieleza yaliyompata Kornelio, wakawasikiliza Barnaba na Paulo, na ndipo Yakobo akatoa shauri. Kisha waliandika barua yenye maagizo machache. Angalieni mambo hayo mawili. Roho hakuondoa utaratibu, maana barua iliandikwa. Lakini utaratibu ulikuja baada ya kutambua kazi ambayo Roho alikuwa amekwisha kuifanya.

Wapo watakaosema, “Basi tufute taratibu zote, kila mtu aongozwe na Roho.” Hapana. Wapo wasichana waliotolewa shuleni na kuozwa wangali watoto kwa kisingizio cha mila, na Kanisa likinyamaza linatenda dhambi. Roho azaaye upendo na uaminifu huzaa kiasi pia. Ungamo letu la Augsburg la mwaka 1530, katika ibara ya 7, lafundisha kwamba umoja wa Kanisa hutegemea mafundisho sahihi ya Injili na Sakramenti zitolewazo ipasavyo. Desturi zilizowekwa na wanadamu si lazima zifanane kila mahali. Hatudharau desturi. Twazinyima kiti cha Kristo tu.

Nilimwomba mama yule msamaha mbele ya washarika wote, akabatizwa pamoja na binti yake. Lakini alikuwa na mtoto mwingine, kijana wa kiume, aliyekuwa akimwona mama yake akikaa nje juu ya mkeka kila Jumapili. Huyo hakuingia kanisani kamwe. Hadi leo namtaja katika sala zangu.

Kitabu hiki cha miaka 100 kitaandika majina ya waliojenga, waliochangia na waliohubiri. Ni haki yao. Lakini katika kabati la ofisi ya usharika lipo daftari lingine, lenye majina ya waliotengwa na waliofutwa. Wengine walitenda dhambi kweli, nao waitwe watubu. Wengine walishindwa kumaliza ahadi mwaka wa njaa. Wengine hatukuwauliza neno.

Nawasihi wazee wa Kanisa: kabla ya Jumapili ya kilele, lifungueni daftari hilo, mgawane majina, mwende nyumba kwa nyumba. Msianze kwa kusoma azimio. Anzeni kwa kuuliza na kusikiliza. Nasi tukiingia katika karne ya pili, asiwepo mtu aliyebaki nje juu ya mkeka kwa sababu ya kalamu yetu.

Mungu awabariki. Amina.