Mwandishi wa habari sio adui yetu

(Maneno niliyoyasema kwenye kongamano la vijana Jumamosi iliyopita. Wengi mmeniomba niyaweke hapa.)

 

Mimi ni mwanafunzi wa sheria, mwaka wa tatu. Nimepewa dakika tano nizungumzie vyombo vya habari. Najua mnataka niseme kwamba vinatubagua. Nitasema, lakini nina la ziada, na halitamfurahisha kila mtu.

Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni, na wa kutafuta na kupokea habari. Redio na televisheni ya taifa inaendeshwa kwa kodi, ikiwemo ya mama yako anayeuza vitumbua. Ikituficha, sisi hatuombi hisani. Tunadai haki.

Sasa vyombo binafsi je? Januari 2018 TCRA ilizitoza televisheni tano faini, jumla shilingi milioni 60, kwa kurusha taarifa ya Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kuhusu chaguzi ndogo za madiwani. Mawio, Mseto, MwanaHalisi na Tanzania Daima yalifungiwa, yakaja kurudishiwa leseni Februari 2022. Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki ikasema vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Mhariri aliyeyaona hayo yote anajiziba mdomo kabla hajazibwa. Huo sio upendeleo, jamani, ni woga. Na mwoga humponi kwa kumtisha zaidi.

La ndani sasa. Kwenye mkutano wetu mmoja, kijana mwenzetu alimnyang'anya maiki dada mmoja mwandishi, akamwita msaliti, eti kituo chake hakikutuonyesha jana yake. Nilikuwa hatua mbili tu kutoka pale. Nikanyamaza. Mimi ninayesomea haki za watu! Yule dada akakusanya vitu vyake akaondoka, na usiku kwenye taarifa hatukuwepo.

Nilimtafuta nikamwomba radhi. Akanijibu: "Mdogo wangu, ile habari ya jana niliipeleka. Ilikatwa ofisini."

Tulimwadhibu mtu aliyetupigania.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu. Kwanza, tuache kulalamika kwa hisia. Kaa na daftari wiki mbili, andika chama gani kimepewa dakika ngapi na nani kahojiwa. Pili, peleka hesabu hiyo kama malalamiko, kwa chombo chenyewe na kwa Baraza la Habari. Tatu, kila mkutano uwe na vijana wa kuwalinda waandishi, hata wa kituo kinachotuudhi.

Na habari ya kweli inayotuumiza isiitwe ubaguzi. Tukiingia madarakani na tabia ya kunyang'anya maiki, tutakuwa tumebadilisha rangi ya bendera tu.