Mshipi Ukikwama, Anza na Sabuni

Kwenye magari mengi yanayotoka mtaa wa Huruma, Nairobi, asubuhi, dereva huvuta mshipi wa usalama ukagoma. Huuvuta tena kwa nguvu, ukazidi kugoma. Mwishowe anaupitisha begani bila kuufunga, alimradi askari aliye mbele kwenye Barabara ya Juja auone kwa mbali. Kizuizi cha polisi kikishapitwa, mshipi unaachiliwa. Gari hutembea hivyo kwa miezi, na mwenyewe anaamini kwamba mshipi umeharibika na kwamba mpya utamgharimu pesa nyingi. Mara nyingi mshipi ni mzima, ila umejaa uchafu.

Mshipi unaopita begani na kiunoni ulibuniwa na Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo huko Uswidi, mwaka wa 1959, na kampuni hiyo ikawaruhusu watengenezaji wengine wautumie bila malipo. Siku hizi mshipi huo huzungushwa kwenye kibiringo kilichofichwa ndani ya nguzo ya kati ya gari. Humo mna springi inayourudisha, na mara nyingi mna gololi ndogo ya chuma iliyokaa kwenye kikombe chake. Gari likifunga breki ghafla au likiinama, gololi inahama, inainua ulimi unaonasa meno ya kibiringo, na mshipi unashika. Kuna pia sehemu inayohisi mshipi wenyewe ukivutwa kwa kishindo. Kwa hiyo anayeuvuta kwa hasira anauamuru ujifunge, nao unatii.

Huruma hasa ina sababu nyingine. Majumba ya ghorofa yamesongamana, nafasi ya kuegesha hakuna, na magari mengi hulala magurudumu mawili barabarani na mawili juu ya ukingo au kando ya mtaro. Gari likiinama hivyo, gololi haitulii mahali pake. Mwenye gari alisogeze kwanza mahali tambarare, auachie mshipi urudi ndani kidogo, kisha auvute polepole. Mingine hufunguka hapo hapo. Katika baadhi ya magari, mshipi ukivutwa hadi mwisho hujifunga kwa ajili ya kiti cha mtoto, na kila ukirudi husikika ukigonga ta-ta-ta. Dawa ni kuuacha uingie wote, ndipo uvutwe upya.

Usipofunguka, au ukirudi kwa uvivu, zamu ya maji imefika. Mshipi huvutwa wote nje na kubanwa karibu na kibiringo kwa kibanio imara ili usiponyoke na kurudi ukiwa umelowa. Robo ndoo ya maji ya vuguvugu na sabuni ya kawaida inatosha, jambo la maana katika mtaa ambako wengi hununua maji kwa mtungi. Mshipi hupanguswa kwa kitambaa kwa kufuata urefu wake, pande zote mbili, na maji yanayotoka huwa meusi kama chai ya rangi: ni vumbi, jasho na mafuta ya mwili ya miaka. Pete ya juu, pale mshipi unapopinda begani, isisahauliwe, maana utando wa uchafu ulioganda hapo unatosha kuukwamisha mshipi mzima. Jiki isitumike, kwa sababu inaudhoofisha uzi. Mshipi hukaushwa kabisa kivulini kabla ya kuachiliwa.

Kifungio nacho huficha mengi: sarafu, maganda ya njugu, karatasi za peremende. Gari hupelekwa kwa fundi wa magurudumu mwenye kompresa, kifungio kikapulizwa. Mafuta ya injini hayafai humo, kwani hukusanya vumbi na tatizo hurudi likiwa kubwa zaidi.

Kazi ya nyumbani inakomea hapo, na hili lisemwe bila kupepesa macho. Kibiringo kisifunguliwe. Springi yake huruka kwa nguvu, na magari mengi ya Japani yanayouzwa Nairobi yana baruti ndogo ya kukaza mshipi wakati wa ajali. Baruti hiyo ikishalipuka, mara nyingi mshipi hushika moja kwa moja, na hakuna sabuni wala fundi wa kuurudisha, unabadilishwa wote. Mshipi ulionyofoka nyuzi pia hubadilishwa. Anayeenda kwenye maduka ya spea ya Grogan kutafuta mshipi aulize kwanza kama umetoka kwenye gari lililogongwa, na muuzaji akisita kujibu, aende duka jingine.

Kwenye matatu, jukumu la kusafisha mishipi halimwangukii abiria. Februari 2004 kanuni za waziri wa uchukuzi John Michuki zilipoanza kutumika, zikidai mishipi na vidhibiti mwendo, matatu nyingi zilikosekana barabarani na watu wakaenda kazini kwa miguu. Mishipi ikawekwa kwenye magari. Haikupita muda abiria wakaanza kulalamika kwamba inawachafulia mashati, na wengi wakaamua kuikalia. Leo orodha ya faini za makosa madogo ya barabarani ya 2016 inamtoza abiria asiyefunga mshipi shilingi 500. Orodha hiyo hiyo inamtoza mwenye gari la abiria shilingi 500 kwa kutoiweka mishipi ikiwa safi, kavu na ya kuvalika. Faini ya kwanza inajulikana na kila abiria. Ya pili haitajwi, na hiyo si haki.

Shirika la Afya Duniani linasema mshipi unaweza kupunguza hatari ya kufa kwa aliye ndani ya gari hadi asilimia 50. Matatu huoshwa karibu kila siku, bodi ikang'aa na rimu zikapigwa polishi. Wenye magari wawaambie vijana wanaoosha waingie pia kwenye viti, watoe mishipi iliyosukumwa chini ya matandiko, waisugue, na wajaribu kila kifungio kabla gari halijarudi stejini.