Maji ya Moto na Mipaka ya Ardhi: Historia ya Mji wa Hot Springs



Katika jimbo la Arkansas, nchini Marekani, uko mji wa Hot Springs, uliopewa jina la chemchemi zake za moto. Chemchemi hizo ni 47, na kwa siku hutoa maji yapatayo lita milioni 2.6, yenye joto la nyuzi 62 hivi. Hakuna volkano hapo. Ni mvua ya miaka ipatayo 4,400 iliyopita, iliyozama polepole hadi kwenye miamba yenye joto, kisha ikapanda upesi kupitia nyufa.

Wapelelezi wa serikali waliofika Desemba 1804 walikuta vibanda vichache tu vya watu waliokwenda kuoga ili wapate nafuu ya maradhi. Tarehe 20 Aprili 1832 Bunge lilitenga ardhi ile iwe mali ya umma. Uamuzi ulikuwa wa busara, ila mipaka haikupimwa wala msimamizi hakuwekwa. Watu wakajenga nyumba, hoteli na mabafu, wakadai viwanja ambavyo hakuna aliyekuwa na hati yake. Hawakuwa wavamizi wa usiku mmoja. Wengine walizaliwa na kuzeekea hapo.

Mwaka 1876 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba ardhi yote ni ya serikali. Aliyelala mwenye nyumba akaamka mpangaji, kwa maana aliteuliwa mtu wa kukusanya kodi ya pango. Mwaka uliofuata iliundwa tume. Ikapima mji, ikachora barabara, ikasikiliza madai, na wakazi wengi wakaruhusiwa kununua viwanja vyao. Mteremko wenye chemchemi haukuuzwa. Kazi hiyo ya vipimo ingaligharimu kidogo sana kama ingalifanywa mwaka 1832.

Maskini nao waliokuwa wakioga katika shimo la matope walijengewa bafu la bure mnamo 1878. Haki haikukamilika, hata hivyo: katika mabafu ya fahari, wahudumu wengi walikuwa Wamarekani weusi, na kwa miongo mingi hawakuruhusiwa kuoga humo.

Mwaka 1921 eneo likawa hifadhi ya taifa. Hadi leo mkazi huenda na madumu yake kwenye mabomba ya umma, akateka maji hayo bila malipo.