Nzi Asiyehitaji Kumwona Kiwavi

Msikilizaji, kuna nzi katika misitu ya Ulaya aitwaye Cyzenis albicans. Wanawe hukulia ndani ya kiwavi wa nondo wa majira ya baridi, lakini mama hamsaki kiwavi huyo hata kidogo. Anasaka jani lililotafunwa.

Jani la mwaloni likijeruhiwa, utomvu wake wenye sukari humvuta. Tena mwaloni una kemikali iitwayo borneoli, ambayo nayo humvuta. Basi huacha mayai madogo mno kando ya jeraha na kwenda zake. Kiwavi, kwa ulafi wake, hulimeza yai pamoja na jani. Funza huanguliwa tumboni na kutulia, akisubiri mwenyeji wake ateremke udongoni kuwa pupa. Hapo ndipo anamla kwelikweli. Mayai mengi hupotea bila kuliwa na yeyote, ndiyo maana jike mmoja hutaga zaidi ya elfu moja.

Nondo huyo alipovamia Nova Scotia, Kanada, wataalamu walianza kumleta nzi huyu mwaka 1954, na miaka ya sitini ilipoanza viwavi walikuwa wamepungua sana. Baadaye, kule British Columbia, mtafiti Jens Roland alikuta viwavi wa kwenye mialoni wanashambuliwa zaidi kuliko wa kwenye mitufaha. Kiwavi ni yule yule. Mti ndio tofauti.

Wanaoingiza wadudu kupambana na wadudu hupenda kuuliza: anaua wangapi? Mimi ningeanza kwa kuuliza anawapataje. Mwaka 1906 Marekani ilimwingiza nzi mwingine, Compsilura concinnata. Huyu humchoma kiwavi na kumpachika funza moja kwa moja, na hachagui: amekutwa katika spishi zaidi ya 150. Mwaka 2000 Joseph Elkinton wa Chuo Kikuu cha Massachusetts na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha jinsi anavyowateketeza nondo wakubwa wa hariri wa pori, ambao hawakumkosea mkulima yeyote.

Nondo wa majira ya baridi alipofika Massachusetts, Elkinton huyo huyo naye aliamua kuachia nzi, kuanzia mwaka 2005. Alimchagua Cyzenis, akawachukua British Columbia. Nzi hao walijenga makao, na miti ya Massachusetts ikaacha kunyolewa majani.