Umri na Sumu ya Glutameti katika Neva za Jicho
Mada kwa wahudumu wa afya, Nyamarambe



Seli za retina hupashana habari za mwanga kwa kutumia glutameti. Ikizidi, kalsiamu huingia kwa wingi ndani ya seli ya neva na kuiua. Kazi ya kuizoa glutameti ni ya seli za Müller, ambazo huigeuza kuwa glutamini.

Mwaka 1957, Lucas na Newhouse waliwadunga panya wachanga glutameti chini ya ngozi. Tabaka za ndani za retina ziliharibika vibaya. Kwa panya wakubwa madhara yalikuwa madogo. Wapo wanaohitimisha kwamba basi umri ni kinga. Mimi siafiki. Panya mchanga huzaliwa macho yamefumba na kukaa hivyo karibu wiki mbili. Retina yake bado inajengwa, na vipokezi vyake vya glutameti hukaa wazi kwa muda mrefu kuliko vya panya mkubwa. Mzee naye ana udhaifu wa namna yake: mitokondria hazitoi nguvu kama zamani, na bila nguvu hiyo kalsiamu haitolewi nje ya seli. Ongeza presha ya macho juu ya hayo, na kiasi cha glutameti ambacho kijana angekistahimili huenda kikamdhuru mzee.

(Kabla sijaulizwa kuhusu viungo vya mchuzi vya pakiti: glutameti ya chakula hutumiwa zaidi na utumbo wenyewe, na retina ina kizuizi chake dhidi ya vitu vya damuni. Panya wale walidungwa dozi kubwa mno.)

Kutoka maabara hadi kliniki ni mbali. Memantini, dawa inayozuia mojawapo ya vipokezi vya glutameti, ilijaribiwa kwa wagonjwa wengi wa glakoma, ugonjwa unaoua neva ya jicho. Matokeo yaliyochapishwa 2018 hayakuonyesha kwamba inazuia ugonjwa usiendelee. Tunabaki na kushusha presha ya jicho, kwa matone, leza au upasuaji.

Na wagonjwa wapo. Kongwa, Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2000 uliwapima watu 3,268 wenye miaka 40 na zaidi, asilimia 4.16 walikuwa na glakoma. Hapa kwetu mchukulieni omogaka (mzee) anayechonga mawe Tabaka. Patasi anaiona vizuri, maana uoni wa katikati huchelewa kuharibika, lakini anapiga bega kwenye fremu ya mlango na kumkanyaga kuku aliye pembeni. Nyumbani wanasema ni uzee. Seli zilizokwisha kufa hazirudi, kwa hiyo asisubiri kambi ya macho: apelekwe Kisii akapimwe presha na kuangaliwa neva ya jicho, na akipewa matone, tufuatilie kama chupa ya pili imenunuliwa. Ndugu zake wa tumbo moja na watoto wake waliovuka miaka 40 waende naye.