Dawa ya Kidonda Ijaribiwe Kabla ya Kupakwa

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Tassia)



Wengi wetu hapa Tassia tunapika katika chumba tunacholala, watoto wakicheza karibu na jiko. Mtoto akimwagikiwa na chai, jirani mmoja analeta dawa ya meno, mwingine unga, wa tatu anafungua kapsuli na kumwaga ile poda juu ya kidonda. Siku hizi kuna pia jeli za kuua viini. Sasa tushike lipi?

Tuielewe kwanza jeli yenyewe. Wataalamu wanaiita haidrojeli. Sehemu yake kubwa ni maji yaliyoshikana, kama ule ute wa mshubiri. Mwaka 1962, mtafiti George Winter wa Uingereza alionyesha kwa nguruwe kwamba jeraha lililofunikwa likabaki na unyevu huota ngozi upesi kuliko lililoachwa likauke. Jeli nyingine hutiwa kitu cha kuua bakteria, kama madini ya fedha.

Je, zinapimwaje? Maabarani, bakteria huoteshwa kwenye sahani, jeli ikawekwa hapo, na kesho yake hupimwa duara ambamo bakteria hawakuota. Lakini hiyo ni hatua ya kwanza tu. Hata Jik inaua bakteria kwenye sahani, na hakuna mama atakayemmwagia mtoto Jik kidondani! Kwa hiyo huangaliwa pia kama jeli inadhuru ngozi hai, kisha wanyama, na mwisho wagonjwa waliokubali kwa hiari. Kenya, kujaribu dawa kwa watu kunahitaji kibali cha kamati ya maadili na cha Bodi ya Dawa na Sumu.

Basi muuzaji akisema jeli yake inaua viini vyote, tumuulize: imejaribiwa kwa vidonda vya watu? Imesajiliwa? Akikosa jibu, tusinunue. Na poda ya kapsuli tuiache, maana bakteria huizoea dawa, na siku ya shida haitatusaidia.

Mtoto akiungua, tumwagilie maji safi ya baridi, si barafu, kwa dakika 20. Bomba likiwa kavu, tutumie kikombe na mtungi. Tufunike kwa kitambaa safi, tumpeleke hospitali.

Tunaomba kila kikundi kiamue wiki hii: nani atatunza mtungi wa maji katika kila ploti, na akiba ya nauli itakaa kwa nani.