Wajane Waliosahauliwa



Ndugu wasikilizaji wapendwa, sura ya sita ya Matendo ya Mitume yatusimulia manung'uniko ndani ya Kanisa changa. Wajane wenye kusema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa chakula kilipogawiwa. Mitume hawakuwakemea walalamikaji. Waliagiza wachaguliwe watu saba, na majina ya wote saba ni ya Kiyunani: yaelekea upande ulioonewa ndio uliokabidhiwa ugawaji.

Tarehe 26 Desemba 2004 mawimbi ya tsunami yaliua watu zaidi ya laki mbili kando ya Bahari ya Hindi. Hata Dar es Salaam tulizika watu. Indonesia na Sri Lanka, zilizoumizwa kuliko nchi zote, zilikuwa na vita vya ndani tangu zamani. Katika jimbo la Aceh, Indonesia, mawasiliano ya siri yalikuwa yamekwisha kuanza; baada ya maafa pande zote mbili zikaketi kwa bidii, zikatia sahihi mapatano mjini Helsinki tarehe 15 Agosti 2005. Vita vya karibu miaka 30 vikakoma. Sri Lanka nayo, mwezi Juni 2005, serikali na wapiganaji wa Kitamil walikubaliana kusimamia misaada kwa pamoja. Lakini wengi walipinga, mahakama ikasimamisha sehemu kubwa ya mpango huo, na chuki ikazidi. Mwaka 2006 vita vikarejea kwa ukali, visiishe mpaka 2009.

Mawimbi yalikuwa yale yale. Basi, maafa peke yake hayapatanishi watu. Hufungua mlango tu. Kuingia ni hiari yetu.

Wapendwa wa Kakese, mafuriko yakichukua mpunga, au mvua ikikatika na mahindi ya msaada yakaletwa, jaribu letu huanzia kwenye orodha ya majina. Je, mfugaji aliyehamia juzi yumo? Je, yumo mjane asiye na ndugu katika kamati? Gunia moja lililogawiwa gizani laweza kuzaa uhasama utakaorithiwa na watoto.

Ninyi makatekista na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, orodha na isomwe hadharani. Mgeni na awe miongoni mwa wagawaji. Anayenung'unika na asikilizwe mapema, kabla uchungu wake haujawa hasira.

Tumwombe Mungu atujalie mikono ya haki siku ya msiba, ili mkate wa wenye njaa usigeuke kuwa chanzo cha vita. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.